Deni la Masomo ya Juu Marekani: Ulipe Haraka, Ulipe kwa Kipato, Usubiri Msamaha au Uhamishe Mkopo?

Deni la dola 150,000 lenye riba ya asilimia 8 huzaa dola 32 na senti 88 kila siku. Jumapili linazaa, Idi linazaa, siku umelala na homa linazaa. Kwa mwezi ni dola 1,000 kamili. Nilipomaliza shahada ya famasia hapa Marekani mwaka 2018, deni langu lilikuwa karibu na hapo, na nikashika lile nililolelewa nalo: dawa ya deni kulipa. Nikalipa kama mtu anayekimbizwa. Juu ya rejesho la kawaida niliongeza dola 900 kila mwezi, kwa miezi 14. Siku moja tunasubiri lifti kazini, mwenzangu mmoja akaniuliza: "Wewe unafanya kazi hospitali isiyo ya kibiashara, sasa hizo hela za ziada unampa nani?"

Nilikuwa sijui. Dola 12,600 zimekwenda kwenye deni ambalo, kwa kazi niliyokuwa nayo, sehemu yake kubwa ingekuja kufutwa na serikali. Ndiyo maana naandika haya.

Yanamhusu aliyesomea uzamili, uzamivu, udaktari, sheria, meno, famasia au uuguzi wa ngazi ya juu kwa mkopo wa serikali ya Marekani. Mikopo hiyo hutolewa kwa raia, wenye kadi ya kijani, wakimbizi waliopokelewa na waliopewa hifadhi. Aliyeko kwa viza ya mwanafunzi haipati. Huyo nitamgusa kwenye njia ya nne.

Kwa tuliozoea Bodi ya Mikopo ya Tanzania, ambako mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi bila kukuuliza, mfumo wa huku una ugeni mmoja: unachagua mwenyewe utalipaje. Usipochagua, unawekwa kwenye ratiba ya kawaida, na barua ya kwanza inakuja miezi sita baada ya kumaliza au kuacha masomo.

Kwanza, tarehe moja ya kukumbuka: 1 Julai 2026

Sheria ya kodi na matumizi iliyotiwa saini 4 Julai 2025 imepangua mambo mengi. Mkopo wa Grad PLUS, ule uliokuwapo tangu 2006 na uliokuwa unafidia gharama yote ya masomo bila kikomo, umefungwa kwa wanafunzi wapya kuanzia 1 Julai 2026. Badala yake kuna ukomo: dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla kwa shahada za juu za kawaida, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwa shahada za kitaaluma kama udaktari, sheria, meno na famasia. Wizara ya Elimu ilipopendekeza orodha ya taaluma hizo mwishoni mwa 2025, uuguzi haukuwemo, na ukizingatia ni Wakenya na Watanzania wangapi wako kwenye wodi za huku, unaelewa kwa nini vikundi vya WhatsApp viliwaka moto.

Aliyekuwa tayari masomoni na ameshakopa kabla ya tarehe hiyo amepewa muda wa mpito, hadi miaka mitatu au muda uliobaki wa kozi yake, ule ulio mfupi. Kwa ulinganisho huu, basi, mikopo ya kabla ya tarehe hiyo na ya baada yake ni wanyama wawili tofauti.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale: rejesho la mwezi linatokana na nini, riba inakwenda wapi rejesho lisipoifikia, deni linaishaje, na kodi ikoje siku hiyo, inakuwaje ukiteleza, yaani kazi ikiisha, ukiugua au ukifariki, na mwisho, inamfaa nani.

Asilimia ya riba nimeiacha nje ya vigezo kwa makusudi. Watu wengi huanzia hapo, na mimi nadhani ndipo wanapopotea. Kwa mkopo wa serikali, mwajiri wako na ukubwa wa kaya yako vinaamua mengi zaidi kuliko tofauti ya asilimia moja ya riba.

Mfano nitakaoutumia kote ni wa deni la dola 150,000 kwa riba ya asilimia 8. Si mbali na hali halisi: mikopo ya kawaida ya serikali kwa wanafunzi wa shahada za juu iliyotolewa mwaka wa masomo 2025/26 ina riba ya asilimia 7.94, na Grad PLUS ya mwaka huo asilimia 8.94.

Njia ya kwanza: ratiba ya kawaida, ulipe umalize

*Rejesho.* Linatokana na deni, halijali unapata nini. Kwa miaka 10, mfano wetu ni dola 1,820 kwa mwezi. Wanaokopa kuanzia 1 Julai 2026 wanapewa ratiba ya ngazi: deni dogo chini ya 25,000 miaka 10, na kadiri deni linavyopanda muda unarefuka, hadi miaka 25 kwa aliyevuka dola 100,000. Mfano wetu ukiutandaza kwa miaka 25, rejesho linashuka hadi kama dola 1,158.

*Riba.* Inalipwa yote, kila mwezi, hakuna inayorundikana. Lakini muda ndio unaokula: kwa miaka 10 utakuwa umelipa jumla kama dola 218,000, kwa miaka 25, kama 347,000. Deni ni lile lile, na tofauti hiyo inatosha kujenga nyumba Kigamboni.

*Mwisho.* Deni linaisha kwa kulipwa, kwa hiyo hakuna kodi ya msamaha. Unaruhusiwa kulipa mapema bila adhabu yoyote. Hapa kuna jambo dogo linalowasumbua wengi: ukituma pesa ya ziada, toa maelekezo kwamba iende kwenye mkopo wenye riba kubwa zaidi na kwamba isihesabiwe kama rejesho la miezi ijayo. Usipofanya hivyo, akaunti itaandika kuwa umeshalipia hadi Machi, utafurahi bure, na pesa itakuwa imetapakaa kwenye mikopo yote midogo midogo.

*Ukiteleza.* Bado ni mkopo wa serikali, kwa hiyo unaweza kuhamia mpango wa kipato mambo yakiharibika. Ukifariki, deni linafutwa. Halimfuati mjane wala watoto.

*Inamfaa nani.* Mwenye deni lisilozidi mshahara wake wa mwaka, anayefanya kazi sekta ya biashara, na ambaye hana mzigo mkubwa wa kutuma nyumbani. Inamfaa pia mtu ambaye deni linamkosesha usingizi. Hilo nalo ni kigezo, hata kama halimo kwenye hesabu.

Njia ya pili: kulipa kulingana na kipato

Hapa ndipo penye utajiri na penye mkanganyiko. Miaka ya nyuma mipango ilikuwa minne au mitano. Mmoja wao, SAVE, ulikwama mahakamani, na PAYE na ICR inazimwa ifikapo 1 Julai 2028. Kwa mtu anayepanga leo, waliobaki ulingoni ni wawili: IBR, mpango wa zamani, na RAP, mpango mpya unaoanza 1 Julai 2026.

*Rejesho.* IBR kwanza inakuachia kiasi cha kuishi, sawa na asilimia 150 ya mstari wa umaskini kwa ukubwa wa familia yako, halafu inachukua asilimia 10 ya kinachozidi hapo. (Kama ulikuwa na mkopo wa serikali kabla ya 1 Julai 2014, ni asilimia 15.) Mstari wa umaskini wa 2025, nje ya Alaska na Hawaii, ni dola 15,650 kwa mtu mmoja na 32,150 kwa familia ya watu wanne.

RAP haikuachii kitu. Inachukua asilimia ya kipato chako chote kilichorekebishwa kwenye ritani ya kodi, yaani kinachobaki baada ya makato yanayoruhusiwa, kama mchango wa pensheni. Mwenye dola 10,000 kwa mwaka au chini analipa dola 10 kwa mwezi. Akivuka hapo ni asilimia 1, na kila 10,000 zikiongezeka inapanda asilimia moja, mpaka asilimia 10 kwa aliyevuka 100,000. Kisha unapunguziwa dola 50 kwa mwezi kwa kila mtegemezi.

Tuziweke mezani pamoja. Daktari aliye kwenye mafunzo ya ubobezi, mshahara dola 65,000, hana mke wala mtoto: IBR ya asilimia 10 inamtoza kama dola 346, RAP dola 325. Karibu sare. Sasa mpe mke asiye na kipato na watoto wawili: IBR inashuka hadi kama dola 140, RAP inakuwa 225. Na muuguzi mwenye dola 110,000, familia ya watu wanne: IBR kama dola 515, RAP 817.

Kwa hiyo kwa wenye familia, IBR mara nyingi ndiyo nafuu ya mwezi. Na kuna mstari wa siri ndani ya RAP: anayepata dola 80,000 analipa 467 kwa mwezi, anayepata 80,001 analipa 533. Dola moja ya nyongeza inakugharimu dola 67 kila mwezi. Ukijikuta karibu na mpaka wa namna hiyo, ongeza mchango wa mfuko wa pensheni wa kazini; unapunguza kipato kinachohesabiwa na hela inabaki yako.

Jambo la wategemezi linahitaji tahadhari kwetu. RAP inahesabu wale uliowadai kwenye ritani ya kodi ya Marekani, na kwa sheria za kodi mtegemezi lazima awe raia, au mkazi wa Marekani, Kanada au Mexico. Mama yako Tanga unayemlipia dawa, mdogo wako unayemsomesha Kakamega, hawamo. Western Union inawajua, ritani haiwajui. Kwa mtu anayetuma dola 600 nyumbani kila mwezi, RAP inaweza kubana kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

*Riba.* Hapa mizani inageuka. Yule daktari wa dola 325 anazalishiwa riba ya dola 1,000 kwa mwezi. Kwenye RAP, ile 675 iliyobaki inafutwa mwezi huo huo, na serikali inahakikisha deni la msingi linashuka hadi dola 50 kwa kila mwezi uliolipa kwa wakati. Kwenye IBR, riba isiyolipwa inajikusanya pembeni. Miaka mitatu ya mafunzo inamrundikia kama dola 23,500. Watu wengi wamekata tamaa kwa jambo hilo moja: kulipa kila mwezi na kuona deni linanenepa. Kama ndivyo ulivyo, RAP itakupa amani.

*Mwisho.* IBR husamehe baada ya miaka 20 kwa mikopo ya karibuni, 25 kwa ya zamani. RAP baada ya 30. Kinachosamehewa, kuanzia 2026, kinahesabiwa kama kipato cha mwaka huo kwenye kodi ya serikali kuu. Ukisamehewa 100,000, mamlaka ya kodi inakuona kama umelipwa 100,000. Anayekwenda njia hii aanze kuweka akiba ya kodi hiyo mapema, hata dola 50 kwa mwezi kwenye akaunti ya peke yake.

*Ukiteleza.* Kipato kikishuka unaomba kuhesabiwa upya na rejesho linashuka. Kwenye IBR linaweza kufika sifuri. Kwenye RAP halishuki chini ya dola 10. Mipango yote miwili inakutaka uthibitishe kipato kila mwaka. Kubali mfumo uchukue taarifa zako moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi, itakupunguzia karatasi.

Mtego mkubwa ni mlango wa IBR. Ni wa wenye mikopo ya kabla ya 1 Julai 2026. Ukichukua mkopo mpya wa serikali baada ya hapo, hata mdogo wa muhula mmoja wa majira ya joto, au ukiunganisha mikopo yako kuwa mkopo mmoja mpya, unaweza kujifungia mlango huo. Usisaini muunganisho kwa sababu tu umepigiwa simu na mtu mwenye sauti nzuri anayesema atakusaidia "kusamehewa". Huduma hiyo ni ya bure kwenye studentaid.gov; anayekutoza kwa ajili yake ni ndugu yake kausha damu.

*Inamfaa nani.* Mwenye deni kubwa kuliko mshahara, anayeanza kazi kwa kipato kidogo, au mwenye kaya. Kwa wanandoa, pigeni hesabu ya kuwasilisha ritani kila mtu yake: rejesho linahesabiwa kwa kipato chako peke yako, lakini mnapoteza baadhi ya nafuu za kodi. Kuna mwaka inalipa, kuna mwaka hailipi.

Njia ya tatu: msamaha wa watumishi wa umma

PSLF, kwa herufi zake, ilianzishwa na sheria ya 2007. Si mpango wa kulipa wa peke yake. Unaupanda juu ya IBR, RAP au ratiba ya kawaida ya miaka 10. Ratiba ndefu ya ngazi haihesabiwi.

*Rejesho.* Lile lile la mpango ulioupanda. Siri yote ni kwamba hapa unataka rejesho dogo kabisa la halali. Hili ndilo nililokuwa silijui pale kwenye lifti: malipo yangu 14 yalihesabiwa, ila zile 900 za juu hazikunisogeza hata hatua moja.

*Riba.* Haina maana sana. Itafutwa pamoja na deni.

*Mwisho.* Marejesho 120 ukiwa umeajiriwa muda wote, saa 30 kwa wiki au zaidi, na serikali ya ngazi yoyote au taasisi isiyo ya faida yenye hadhi ya 501(c)(3), kifungu cha sheria ya kodi kinachozisamehe kodi taasisi za hisani. Si lazima yafuatane. Kinachobaki kinafutwa, na kodi ya serikali kuu haikigusi. Turudi kwa daktari wetu asiye na familia: miaka mitatu kwa mshahara wa 65,000, saba kwa 130,000, bila kuhesabu nyongeza. Kwa IBR atakuwa amelipa jumla kama dola 87,000. Kwa RAP kama 103,000. Kwa ratiba ya kawaida, kumbuka, ilikuwa 218,000.

Hospitali nyingi za mafunzo, vyuo vikuu vya umma, shule, ofisi za mawakili wa utetezi wa umma, idara za afya za kaunti, zote zinaingia. Tazama anayekulipa, yaani jina na namba ya mwajiri kwenye W-2, ile fomu ya mshahara na kodi anayokupa mwajiri kila mwaka. Kuna madaktari wanaofanya kazi ndani ya hospitali isiyo ya faida lakini wameajiriwa na kampuni ya kibiashara; hao, isipokuwa kwenye majimbo machache ambayo sheria zake zinazuia hospitali kuwaajiri madaktari moja kwa moja, hawamo.

*Ukiteleza.* Ukihama kwenda sekta binafsi hesabu inasimama, haifutiki, ukirudi inaendelea. Hatari iko kwenye uhasibu na siasa. Takwimu za kwanza za 2018 zilionyesha waombaji zaidi ya 99 kati ya 100 wamekataliwa, wengi kwa sababu ya aina ya mkopo, aina ya mpango, au miezi kutotimia. Baada ya marekebisho, kufikia Oktoba 2024 waliosamehewa walikuwa wamevuka milioni moja. Kisha mwaka 2025 ikaja kanuni mpya inayompa Waziri wa Elimu uwezo wa kuwaengua waajiri wanaoonekana kuwa na lengo kubwa lililo kinyume cha sheria, na mashirika yanayosaidia wahamiaji yameingiwa na hofu. Anayefanya kazi huko aifuatilie.

Mimi mwenyewe kampuni inayokusanya marejesho yangu iliwahi kunihesabia miezi 31 wakati ilikuwa 38. Nilishinda kwa sababu nilikuwa na faili: fomu ya mwajiri iliyosainiwa kila mwaka, na picha za skrini za kila rejesho, zenye tarehe. Mke wangu alikuwa ananicheka kwa hizo picha. Hanicheki tena.

*Inamfaa nani.* Ambaye angefanya kazi hiyo hata bila msamaha. Mshahara wa sekta binafsi ukizidi kwa dola 60,000 kwa mwaka, na deni lako ni 80,000, kujifunga miaka 10 kwa ajili ya PSLF pekee ni hesabu mbovu. Deni likiwa 250,000 na unaipenda kazi ya wodi ya kaunti, ni hadithi nyingine.

Pembeni ya njia hii kuna mipango ya serikali inayolipa deni kwa mkataba wa kufanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba wa watumishi wa afya. Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni la uuguzi kwa miaka miwili, na 25 zaidi kwa mwaka wa tatu. Inapokea pia wenye kadi ya kijani, ila malipo yake yanatozwa kodi. National Health Service Corps, kwa madaktari, meno, afya ya akili na wengineo, haitozwi kodi lakini inataka uraia. Kwa muuguzi ambaye bado hajaapa, tofauti hiyo ndiyo inaamua aombe wapi.

Njia ya nne: kuhamishia mkopo kampuni binafsi

*Rejesho.* Kampuni inalipa deni lako la serikali na kukuandikia jipya. Mwenye historia nzuri ya mikopo na mshahara mkubwa anaweza kupata riba ya chini. Mfano wetu ukishuka kutoka asilimia 8 hadi 6, kwa miaka 10 rejesho ni kama dola 1,665, na jumla unaokoa kama 18,500.

*Riba.* Ya kudumu au ya kupanda na kushuka. Ya pili huanza chini na kukuvutia. Mimi nisingeigusa kwa deni la miaka 10.

*Mwisho.* Hakuna msamaha wa aina yoyote.

*Ukiteleza.* Hapa ndipo bei yake ilipo. Hakuna IBR, hakuna RAP, hakuna PSLF, na hakuna kurudi. Kampuni nyingine hukupa miezi michache ya kupumua, nyingine hapana. Soma mkataba unasemaje ukifariki au ukipata ulemavu, na mdhamini wako atabaki na nini.

*Inamfaa nani.* Mfamasia wa duka la biashara, wakili wa kampuni, daktari wa meno mwenye kliniki yake. Mwenye akiba ya miezi sita na kazi isiyotetereka. Na inamfaa sana yule wa viza ya mwanafunzi aliyelazimika kukopa binafsi tangu mwanzo. Yeye hana nafuu za serikali za kupoteza. Akipata kazi na kadi ya kijani, aombe ofa kwa kampuni tatu nne ndani ya wiki mbili na achague. Kuulizia viwango kwa hatua ya awali kwa kawaida hakuathiri alama za mkopo.

Kwa hali yako

*Uko masomoni sasa, umekopa kabla ya Julai 2026.* Usiongeze wala kuunganisha kitu bila kujua kinafanya nini kwa IBR yako. Kama unaweza kukopa kidogo muhula huu, kopa kidogo. Deni rahisi kulisimamia ni lile ulilolikataa pale ofisi ya mikopo ya chuo.

*Unaanza sasa, mikopo yako yote ni mipya.* Una RAP au ratiba ya ngazi. Chagua RAP miaka ya kipato kidogo ili riba ifutwe, kisha upime tena mshahara ukipanda, kwa sababu RAP haina dari: anayepata 250,000 analipa asilimia 10 ya yote.

*Uko hospitali ya kaunti, chuo cha umma au shirika lisilo la faida.* Thibitisha mwajiri mwezi huu kwa kifaa cha utafutaji kilichopo studentaid.gov, weka mpango wenye rejesho dogo, na acha kulipa ziada. Hiyo ziada ipeleke kwenye pensheni au kiwanja.

*Uko sekta binafsi, deni si zaidi ya mshahara wa mwaka.* Lipa kwa ratiba ya kawaida na uongeze ukiweza. Hamishia kampuni binafsi kama riba inashuka kweli na huoni kazi ya umma mbele yako.

*Umeshapitisha miezi bila kulipa.* Ukifika siku 270 unahesabiwa kuwa umeshindwa kulipa, na serikali inaweza kukata hadi asilimia 15 ya mshahara na kuchukua marejesho ya kodi bila kwenda mahakamani. Piga simu kabla ya hapo, hata kama una dola 10 tu mfukoni. RAP ina nafasi ya mtu huyo.

*Unapanga kurudi nyumbani.* Deni linapanda ndege pamoja nawe. Ila kipato cha kazi ya nje kinaweza kuondolewa kwenye kodi, hadi dola 130,000 kwa mwaka 2025, na kipato kilichorekebishwa kikiwa sifuri, RAP inakutoza dola 10 na IBR haikutozi kitu. Ukiajiriwa Dodoma na shirika lenye hadhi ya 501(c)(3) ya Marekani, miezi yako ya PSLF inaendelea kuhesabiwa. Ukiajiriwa na taasisi ya hapo hapo, hapana. Endelea kuwasilisha ritani kila mwaka, acha akaunti moja ya benki ya Marekani wazi kwa ajili ya makato, na badilisha namba ya simu kwenye mfumo kabla laini ya huku haijafungwa, maana namba ya siri ya kuingilia itatumwa kwenye laini hiyo hiyo.